Shajara ya mradi: Amiga 500 irudishiwe programu zake za kiwandani

Mashine ni kompyuta ya Commodore Amiga 500 (A500) ya PAL yenye kadi ya A501, ya kumbukumbu ya ziada na saa, chini ya tumbo. Ililetwa kutoka Uingereza, kisha ikakaa kabatini Upanga, Dar es Salaam, mahali ambapo upepo wa bahari hauombi ruhusa kuingia. Imefika na flopi tatu: Workbench 1.3 (diski ya mfumo, yenye skrini ya kazi), Extras 1.3 (diski ya nyongeza), na nakala ya Workbench yenye jina lililoandikwa kwa kalamu. Zote zina kuvu.

Kuiwasha tu hakutoshi. Tunataka iwake na programu zilezile ilizotoka nazo, na pale tutakapolazimika kujazia kitu kutoka kwingine, ijulikane ni sekta ipi (kipande kidogo cha data cha diski) na imetoka wapi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo wengi huivunja kwa hamu ya kuona skrini ya buluu: hakuna diski inayoingia kwenye Amiga kabla haijasafishwa, ikasomwa nje na kuhifadhiwa. Diski yenye kuvu huchafua hedi, yaani kichwa kinachosoma diski; hedi iliyochafuka hukwaruza diski inayofuata, na Workbench yenyewe huandika kwenye diski pale kitufe cha ulinzi kikiwa kimefungwa. Ukiijaribu mara moja tu, ushahidi umeshabadilika.

Umeme

Adapta ya A500 hutoa volti tatu: +5, +12 na −12. Plagi yake ya mraba ina pini tano: 1 ni +5 V, 2 ni ardhi ya ngao, 3 ni +12 V, 4 ni ardhi ya saketi, 5 ni −12 V. Usiipime ikiwa tupu ukaridhika. Adapta chovu huonyesha volti 5.1 bila mzigo, kisha hushuka hadi 4.7 mashine inapowaka na mota ya flopi inapozunguka. Hapo ndipo linapotokea lile bango jekundu la kosa, Guru Meditation, ambalo mtu atalilaumu kwenye programu. Kipimo cha maana ni kwenye bodi, mashine ikiwa inafanya kazi: kati ya 4.75 na 5.25 V. Yetu ilikuwa chini. Kapasita za upande wa kutolea umeme zimebadilishwa, na sasa inasimama 5.02.

Kwa umeme wa mjini unaokatika na kurudi kwa kishindo, adapta hii imewekwa nyuma ya gadi ya friji yenye kuchelewesha dakika chache, na kazi ya kuandika diski hufanywa kwenye kompyuta mpakato yenye betri. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski hubaki nusu mpya nusu kuukuu.

A501 na betri yake

Betri ya NiCd ya 3.6 V iliyolehemiwa kwenye kadi hii huvuja karibu bila kukosa. Kinachovuja ni alikali, si asidi, kwa hiyo magadi hayasaidii kitu. Kinachohitajika ni siki nyeupe. Mpangilio tuliofuata: kata betri kwa koleo, paka siki kwa mswaki laini mpaka mapovu yaishe, suuza kwa maji safi yasiyo na madini, malizia na pombe ya isopropili, acha ikauke kabisa. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri.

Nyaya mbili za shaba kwenye bodi zilikuwa zimeliwa karibu na chipu ya saa, MSM6242B. Zimeunganishwa upya kwa waya mwembamba. Betri mpya haijawekwa, wala saa haihitajiki ili mashine iwake. Atakayetaka kuweka CR2032 akumbuke kwamba saketi ile huchaji betri, na CR2032 haichajiwi: lazima iwepo dayodi, 1N4148 inatosha, ikizuia umeme usirudi kwenye betri.

Toleo lipi ndilo la kiwandani?

Swali hili huamua kila kitu kinachofuata, na lebo ya diski si jibu. A500 zilianza kuuzwa 1987 zikiwa na Kickstart 1.2 (programu ya kuwashia iliyomo kwenye chipu ya ROM), 1.3 ilikuja baadaye, na wenye mashine wengi walibadilisha ROM wenyewe. Ukikuta ROM ya 1.2 na diski za 1.3, kimojawapo kimeongezwa.

Kwenye chipu, namba ya 315093-01 ni Kickstart 1.2 (33.180), na 315093-02 ni 1.3 (34.5). Yetu ni ‑02, bodi ni Rev 6A, na miguu ya ROM haina dalili ya kuwahi kuchomolewa: ukoga wa miguu na wa soketi umeshikana kama kitu kimoja. Basi 1.3 ndiyo asili yake, na Workbench 1.3 ndiyo ya kurudishwa.

Je, ROM yenyewe ni nzima? Hakuna haja ya kuichomoa ili kujua. Kila inapowashwa, Kickstart hujumlisha maneno yake yote ya biti 32, na jumla isipotoka sawa skrini huwa nyekundu na kusimama hapo. Kijani ni RAM ya chipu, buluu ni chipu maalumu, njano ni kosa la prosesa lililotokea kabla ya mfumo kusimama. Mfuatano mzuri ni kijivu cheusi, kijivu cheupe, nyeupe, kisha mkono ulioshika diski.

Mtego uko hapa: tundu la video la RCA nyuma ya A500 hutoa picha isiyo na rangi. Nyekundu na kijani zote huonekana kijivu, na mtu anabaki kukisia. Kwa uchunguzi lazima utumie RGB, tundu linalotoa kila rangi peke yake. Plagi ya pini 23 haipatikani Kariakoo, lakini ya pini 25 ipo. Ikatwe kwa msumeno pini mbili za upande mmoja. Nyekundu ni pini 3, kijani 4, buluu 5, ishara ya kulinganisha picha (sync) 10, ardhi 16 hadi 20. Pini 21 hadi 23 zina volti za mashine. Zing'olewe kwenye plagi ili zisiguse kitu. Mawimbi haya ni ya 15 kHz, na skrini nyingi za LCD hazikubali kasi hiyo kwenye VGA, hivyo tunapitishia bodi ya kugeuza mawimbi, GBS-8200.

Matokeo: kijani. Haikuwa RAM. Ni Agnus, chipu ya miguu 84 iliyokaa kwenye soketi ya mraba, ambayo miguu yake hupata ukoga kwa hewa ya chumvi. Imetolewa kwa koleo lake maalumu, ikasafishwa, ikarudishwa. Atakayetumia bisibisi atavunja kona ya soketi, na soketi hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye bodi hii. Sasa mkono na diski vinaonekana.

Kuvu kwenye flopi

Tumeweka muda mwingi hapa kuliko kwingineko, na ndivyo inavyopaswa kwa diski zilizopitia masika nyingi za Pwani.

Sukuma kibati cha diski, zungusha kitovu kwa kidole polepole ukiangalia kwa tochi ya pembeni. Kuvu huonekana kama madoa ya kijivu au nyuzi nyuzi. Madoa machache husafishwa bila kufungua ganda: pamba ya kijiti, isopropili ya 99%, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe pamba hiyohiyo mara mbili, geuza upande wa pili. Ile ya 70% ya duka la dawa ina maji karibu theluthi. Maji hukaa kwenye kitambaa cha ndani na kuvu hurudi. Mafundi simu wa Kariakoo hutumia ile ya kiwango cha juu kusafishia bodi, na kwao ndiko pa kuulizia.

Diski ya Extras ilikuwa imezidiwa. Kitambaa cha ndani ya ganda chenyewe kilikuwa na kuvu, kwa hiyo kusafisha sahani peke yake ni kazi bure. Dawa ni kuhamisha: ng'oa kibati, fungua ganda kwa ukingo wa plastiki mwembamba ukianzia kona, toa sahani ukiishika kwenye kitovu cha chuma, isafishe pande zote mbili, iweke kwenye ganda la flopi nyingine nzima iliyotolewa mhanga. Angalia kitovu kielekee chini kama awali. Ganda la asili lenye lebo limehifadhiwa, litarudi baada ya kufanyiwa usafi wake.

Mchele wa kukaushia uachwe jikoni. Hutoa vumbi la wanga, na wanga ndicho chakula cha kuvu. Tumia silika jeli kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Kusoma

Diski ya Amiga ina silinda 80, pande 2, sekta 11 kwa kila traki, baiti 512 kwa sekta: jumla 901,120, yaani KB 880. Kidhibiti cha flopi cha PC hakiwezi kuisoma hata kidogo, kwa sababu Amiga huandika traki nzima kwa mkupuo kwa mpangilio wake, na alama ambazo PC huzitafuta mwanzoni mwa kila sekta hazimo. Dereva yenyewe, yaani kifaa cha kusomea flopi, haina tatizo. Kwa hiyo tumechukua dereva ya inchi 3.5 kutoka kwenye PC ya mezani iliyokufa, tukaiunganisha na Greaseweazle, bodi ya USB inayonasa mabadiliko ya sumaku kama yalivyo bila kuyatafsiri.

Amri ya kwanza husoma ghafi, mizunguko mitano kwa kila traki:

`gw read --revs=5 --tracks="c=0-79:h=0-1" wb13.scp`

Ya pili hutafsiri bila kugusa diski tena:

`gw convert --format=amiga.amigados wb13.scp wb13.adf`

Usiruke ile ya kwanza ukaenda moja kwa moja kwenye ADF, faili la nakala ya diski iliyokwisha kutafsiriwa. Faili ghafi hukuruhusu kurudia tafsiri kesho kwa programu bora bila kuisugua diski dhaifu upya. Hedi husafishwa baada ya kila diski, si mwisho wa siku. Ukisikia mlio wa kukwaruza, simamisha papo hapo. Ule ni unga wa sumaku unaondoka pamoja na data.

Workbench yenye lebo ya kiwandani: sekta 1760 kati ya 1760. Ile ya kalamu: kamili pia. Extras: pungufu, sekta moja moja kwenye traki zinazofuatana, dalili ya doa lililokaa chini ya uwazi wa kibati. Kusafisha mara ya pili na kusoma kwa dereva nyingine kumezirudisha karibu zote. Kubadilisha dereva kunastahili kujaribiwa mapema, kwa sababu hedi za dereva mbili hazikai pembe ileile hasa, na nyingine hulingana zaidi na ile iliyoandika diski.

Zimebaki sekta mbili. Namba ya bloku, yaani ya sekta ikihesabiwa kwenye diski nzima, hupatikana hivi: silinda × 22, ongeza 11 kama ni upande wa pili, ongeza namba ya sekta. Silinda 52, upande 1, sekta 7 ni bloku 1162. Kwenye mfumo wa faili wa zamani wa Amiga kila bloku ya data hubeba baiti 488 za faili na 24 za utambulisho: ni ya faili gani, ya ngapi, inayofuata ni ipi. Ukisoma majirani zake unajua hasa kipande gani cha faili gani kimepotea.

Onyo kwa atakayetaka njia ya mkato: programu ya DiskDoctor iliyomo kwenye Workbench haifai kwa kazi hii. Huandika juu ya diski unayojaribu kuiokoa, huibadilisha jina kuwa Lazarus, na mara nyingi jina hilo ndilo pekee linalofufuka.

Je, ni safi?

Sekta kamili hazimaanishi programu ya asili. Tunaanza na sekta mbili za kwanza, baiti 1024 za kuwashia. Diski ya 1.3 iliyo safi huanza na `44 4F 53 00 C0 20 0F 19 00 00 03 70`, kisha msimbo mfupi unaomalizika na jina dos.library, na baada ya hapo sifuri tupu.

Diski ya kalamu haikuwa hivyo. Ndani yake kuna maneno "Something wonderful has happened": kirusi cha SCA cha mwaka 1987. Hakifuti faili, lakini hukaa kwenye kumbukumbu hata ukibonyeza Ctrl na funguo mbili za Amiga, kisha hujiandika kwenye kila diski isiyolindwa inayofuata kuwashiwa. Kama diski zingeingizwa kwenye mashine kwa zamu, ya kiwandani nayo ingeambukizwa. Mashine izimwe kabisa kwa nusu dakika kati ya diski na diski. Kuiwasha upya kwa funguo hakutoshi.

Faili ghafi lenye kirusi limehifadhiwa lilivyo. Diski yenyewe haitumiki tena kwa lolote ila kulinganisha.

Ulinganisho wenyewe: tumenunua Amiga Forever, ambayo hutoa Kickstart na Workbench kwa leseni. Commodore ilifilisika 1994, lakini hakimiliki haikufa nayo, na kwa kazi ya mteja hatutaki faili lisilojulikana lilikotoka. Kwa anayetaka kuthibitisha ROM: Kickstart 1.3 ya A500 ni baiti 262,144, CRC32 yake (namba ya uhakiki) C4F0F55F.

Kwa diski, CRC ya ADF nzima ni kipimo kibovu. Tarehe kwenye bloku ya mzizi, namba 880, hubadilika kila diski inapoandikwa, kwa hiyo diski mbili zenye faili zilezile hutoa namba tofauti. Linganisha faili kwa faili. Tumefungua zote mbili kwa `xdftool wb13.adf unpack` kisha `diff -rq` kati ya folda. Tofauti zilizojitokeza:

- `devs/system-configuration`, baiti 232. Humu ndimo Preferences huhifadhi rangi, printa, kasi ya kipanya, mahali pa skrini.
- `s/startup-sequence`, orodha ya amri za wakati wa kuwaka. Mwenye mashine aliondoa ujumbe wa kwanza na kubadilisha mstari wa `SetMap`, unaochagua mpangilio wa kibodi.
- Mafaili kadhaa ya `.info`, ambayo ni mahali pa aikoni tu baada ya mtu kuchagua Snapshot.

Mengine yote, pamoja na kila kitu kilichomo `c`, `l` na `libs`, ni sawa baiti kwa baiti. Hiyo ni habari njema kuliko tulivyotarajia.

Hapa kuna jambo la kuamua, na si la kiufundi. Kurudisha system-configuration ya kiwandani ni sahihi. Mstari wa SetMap ni suala jingine: kibodi ni ya Kiingereza cha Uingereza, yenye £ juu ya 3, na mpangilio wa `usa1` ungeharibu alama. Tumerudisha startup-sequence ya asili kwenye diski kuu, na mpangilio wa `gb` uko kwenye diski ya kazi ya kila siku.

Kuandika

Flopi za DD (za ujazo mdogo, kama za Amiga) mpya ni adimu. Za HD, za ujazo mkubwa, bado zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ofisi yaliyosahau kufagia stoo. Zinafaa kwa masharti: ziba tundu la pili kwa utepe mzito usiopitisha mwanga, la sivyo dereva ya PC itadhani ni HD na kuandika kwa mkondo usiofaa, na futa kwanza mabaki ya awali. Sumaku ya HD ni ngumu zaidi kugeuza, takribani oersted 720 dhidi ya 600 za DD, ndiyo maana diski kama hizi husoma vizuri leo na kusumbua baadaye. Diski kuu zimewekwa kwenye DD mbili tulizonazo. Za kila siku ni HD zilizozibwa.

`gw erase`

`gw write --format=amiga.amigados wb13_asili.adf`

Programu huhakiki kila traki baada ya kuiandika. Traki ikigoma mara mbili, diski hiyo itupwe, usibembeleze. Kinachotokea mara nyingi ni diski kuhakikiwa vizuri kwenye dereva ya PC kisha Amiga ikaikataa. Kabla ya kugusa skrubu za kurekebisha hedi, safisha hedi za Amiga na upake mafuta mepesi kidogo kwenye reli na skrubu ndefu ya mota, maana grisi ya zamani huganda na hedi haifiki silinda za mwisho. Yetu ilikwama kwa sababu hiyohiyo, baada ya silinda 60. Hedi ya juu usiinue kupita kiasi. Chemchemi yake ikipinda, dereva imekwisha.

Hali ya sasa

Mashine inawaka kwa Workbench 1.3 ya kiwandani. Amri ya `version` inajibu Kickstart 34.5, Workbench 34.20, kama inavyopaswa. Diski kuu zina kitufe cha ulinzi wazi na ziko kwenye kopo la silika jeli, nje ya chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa, kwa sababu kupoa na kupata joto huko ndiko huleta umande.

Extras inafanya kazi na AmigaBASIC inafunguka. Sekta mbili zilizokosekana ni za faili la aikoni na la mfano wa programu ya BASIC. Zimejazwa kutoka nakala ya leseni, na faili la maandishi lenye namba za bloku hizo limewekwa kando ya ADF. Linalosubiri ni ganda la asili la Extras: kitambaa chake bado hakijabadilishwa, na lebo inainuka kona moja. Sahani haitarudishwa humo mpaka kitambaa kipya kipatikane kutoka flopi nyingine ya DD.